Isopodi mmoja wa chungwa kati ya mia mbili: namna ya kugeuza rangi adimu kuwa ukoo

Unainua gome kwenye chombo cha isopodi wa kijivu, kundi zima linatimka kutafuta giza, na katikati yao yupo mmoja wa rangi ya chungwa. Mikono inawasha kumtoa hapo hapo. Kabla ya kumhamisha kuna maswali mawili: je, hiyo ni rangi kweli, na je, inarithiwa? Rangi ngeni zinazojitokeza kwenye vyombo vya kufugia ni nyingi kuliko zile zinazorithiwa. Na hata ile inayorithiwa hupotea kwa kosa lisilohusiana na hesabu za jeni, yaani mfugaji hajui baba wa watoto ni nani.

Kwa asiyewafahamu, isopodi wa nchi kavu si wadudu. Ni jamaa wa kaa na kamba, wenye jozi saba za miguu. Hupumua kwa viungo vilivyo chini ya mkia ambavyo havifanyi kazi bila unyevu, na hula majani na mbao zinazooza. Wanaofugwa sana kwa ajili ya rangi ni Porcellio scaber, Porcellio laevis, Porcellionides pruinosus na Armadillidium vulgare, yule anayejikunja akawa mviringo kama punje. Jamii ya Cubaris ni ya wenye subira, kwa sababu uzao wao ni mdogo na hukua polepole.

Rangi ambazo si rangi

Isopodi hajivui gamba lote kwa mara moja. Huanza na nusu ya nyuma, kisha baada ya siku moja au mbili, wakati mwingine zaidi, humalizia nusu ya mbele. Katikati ya shughuli hiyo huonekana wa rangi mbili zilizokatwa sawasawa kiunoni: nyuma amepauka au ana uwaridi hafifu, mbele yuko vile vile. Picha za isopodi wa "nusu kwa nusu" zinazosambazwa kwa mshangao karibu zote ni za mnyama aliye katikati ya kujivua gamba. Mlaze chali siku chache kabla ya hapo na utaona mabaka meupe kama chokaa chini ya kifua. Hiyo ni kalsiamu aliyoivuta kutoka gamba kuukuu akaihifadhi ili aitumie kukazia gamba jipya. Mwache wiki moja, umtazame tena.

Rangi ya buluu au zambarau inayong'aa ni habari mbaya. Kuna virusi viitwavyo IIV-31 ambavyo hujaa ndani ya tishu na kujipanga kama fuwele, na mpangilio huo ndio unaoakisi mwanga wa buluu. Mnyama wa namna hiyo hatakupa ukoo. Kwa kawaida hufa katika wiki chache, na wenzake huambukizwa wanapokula mzoga wake. Mtoe, toa mizoga yote, na usihamishe mnyama wala jani kutoka chombo hicho kwenda kingine. Usimchanganye na Porcellionides pruinosus, ambaye ubuluu wake ni wa asili na hutokana na unga wa nta juu ya gamba. Ukipangusa mgongo kwa brashi laini iliyolowa kidogo, unga wa nta hutoka. Mng'ao wa virusi uko ndani, kwa hiyo hubaki.

Mstari mweusi katikati ya mgongo wa isopodi mweupe nao si pambo, ni utumbo uliojaa chakula. Mlishe karoti siku mbili na mstari utabadilika. Na madoa ya njano kwa Armadillidium vulgare wa kijivu mara nyingi ni alama ya jike tu, kwa kuwa madume wa spishi hiyo huwa na kijivu cha mkolezo mmoja zaidi.

Kipimo rahisi ni kusubiri mnyama ajivue gamba mara mbili kamili. Mdogo atachukua wiki chache, mkubwa mwezi hadi miwili na zaidi. Rangi ikirudi ile ile mara zote mbili, una kitu cha kufanyia kazi.

Majina yanayopotosha

Giza la isopodi, kahawia yake na wekundu wake hutokana kwa kiasi kikubwa na rangi asilia ziitwazo omokromu, ambazo mwili hutengeneza kutoka amino asidi ya triptofani. Ndiyo maana alama za "T+" na "T-" zilizobandikwa kwenye isopodi weupe na wekundu si za kuaminiwa sana. Zimeazimwa kwa wafugaji wa nyoka na mijusi, ambao weusi wa wanyama wao ni melanini na T ni kimeng'enya cha tirosinesi kinachohusika na kuitengeneza. Kwa isopodi herufi hiyo inakueleza mnyama anavyofanana, basi. Haikuelezi kilichoharibika ndani yake. Majina ya kibiashara kama "Dairy Cow", "Dalmatian" au "Magic Potion" ni hivyo hivyo: yanataja sura, hayataji jeni.

Jicho linasema zaidi. Omokromu hutia rangi macho pia, kwa hiyo isopodi mweupe mwenye macho meusi na mweupe mwenye macho mekundu au yasiyo na rangi ni watu wawili tofauti. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, andika rangi ya jicho kando ya rangi ya gamba, na usiwachanganye kwenye chombo kimoja hata kama kwa mbali wanafanana kama mapacha.

Jike na akiba yake

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jike wa isopodi akishapandwa huhifadhi manii ya dume mwilini, na anaweza kuzaa uzao wa pili na wa tatu bila kuonana na dume tena. Zaidi ya hapo, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jike mkubwa uliyemtoa kwenye chombo cha mchanganyiko anakuja na siri yake tumboni. Mweke na dume wa chungwa, na watoto wa kijivu watakaotokea hawatakueleza lolote, kwa sababu huenda si wa dume huyo.

Wafugaji wa ng'ombe humwita jike ambaye hajazaa mtamba. Hapa tulitumie neno hilo kwa jike ambaye hajawahi kupandwa, maana bila mitamba huna jaribio, una bahati nasibu.

Kumpata mtamba kunahitaji kuwatenga watoto mapema, wakiwa na theluthi moja hivi ya urefu wa mkubwa. Kwa Porcellio laevis, ambaye hufikia milimita 20, hiyo ni milimita 6 au 7. Kila mtoto awe na kikombe chake cha mililita 100 hadi 200, chenye udongo wa sentimita 2, jani moja lililooza na kipande cha ganda la yai. Aliye peke yake hukauka haraka kuliko walio wengi. Mtafiti W. C. Allee alionyesha mwaka 1926 kwamba isopodi wakisongamana hupoteza maji kidogo zaidi, na hawa umewanyima msongamano huo. Vikombe vikaguliwe kila baada ya siku mbili au tatu. Watoto wengi wanaotengwa hufa kwa ukavu, na si kwa jambo lingine lolote.

Baada ya wiki kadhaa, mweke kila mmoja kwenye kifuniko cha plastiki kinachopitisha mwanga, umwangalie kutoka chini kwa lenzi. Chini ya mkia kuna vibamba vyeupe vilivyopangwa kwa jozi. Dume ana ncha ndefu mbili kutoka jozi za mwanzo, zimelala katikati zikielekea nyuma kama mkuki mwembamba. Jike hana mkuki, na vibamba vyake ni vifupi na vipana. Dume mkubwa wa Porcellio laevis ana pia vijimkia virefu nyuma vinavyoonekana bila lenzi, lakini kwa mdogo usivitegemee. Usipokuwa na hakika, mrudishe kikombeni wiki mbili. Ukiokoa vikombe kwa kuwaweka majike kumi pamoja, dume mmoja aliyekupita machoni atawaharibu wote kumi usiku mmoja, na hutajua mpaka watoto watoke.

Jike aliyepandwa hujivua gamba la pekee, na baada yake hutokea mfuko kati ya miguu ya mbele, umefunikwa na vibamba vyembamba na ndani yake kuna majimaji. Kwa chini utauona umetuna, wa rangi ya krimu. Katika nyuzijoto 22 hadi 26 watoto hutoka baada ya wiki tatu hadi tano hivi. Ni weupe, wana jozi sita tu za miguu, na jozi ya saba hukamilika wakishajivua gamba. Jike mwenye mfuko asishikwe wala kupekuliwa kila siku, kwa kuwa akisumbuliwa anaweza kuutupa uzao wote. Na usihesabu rangi za watoto wiki ya kwanza. Wote ni weupe, na kijivu huja polepole. Subiri wiki nne hadi sita.

Kupandisha, na idadi inayotosha

Rangi nyingi mpya zinazojitokeza ghafla kwenye kundi la kijivu ni za jeni fiche, yaani haionekani mpaka mnyama airithi kwa baba na kwa mama. Hii ina maana njema: kama huyu wa chungwa ni wa namna hiyo, wazazi wake wote wawili walikuwa wabebaji, yaani wana jeni hiyo bila kuonyesha rangi yake, na theluthi mbili ya ndugu zake wa kijivu wanaibeba pia. Kwa hiyo usimhamishe peke yake tu. Toa na vijana ishirini hivi wa umri wake kutoka chombo kile kile, uwatenge kama ilivyoelezwa. Uwezekano wa jeni hiyo kuwemo ndani yao ni mkubwa kuliko kwa mnyama yeyote utakayemleta kutoka kwingine.

Kama wa chungwa ni dume, mambo ni mepesi: mpe mitamba wanne au watano. Kama ni jike mkubwa, chukulia kwamba ameshapandwa. Si msiba. Mwache azae, kwa kuwa hata kama baba ni wa kijivu kabisa, kila mtoto wake lazima awe mbebaji wa jeni fiche. Watoto hao ndio mtaji.

Tuchukue mfano. Dume wa chungwa na mtamba wa kijivu asiyebeba kitu wanazaa watoto 30, wote wa kijivu. Wengi hukata tamaa hapa na kuwamwaga kwenye chombo kikubwa. Lakini wote 30 ni wabebaji. Ukiwapandisha wao kwa wao, robo ya wajukuu watakuwa wa chungwa. Robo ni wastani tu, haina ahadi kwa kila uzao. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumwona angalau mmoja, unahitaji watoto 11. Ukitaka asilimia 99, unahitaji 17. Kwa spishi inayozaa 30 kwa mkupuo, uzao mmoja unatosha. Kwa Cubaris anayezaa wachache, unahitaji uzao wa majike wawili watatu kabla hujasema "haikufaulu".

Njia ya mkato ni kumrudishia dume huyo binti zake mitamba. Hapo nusu ya watoto ndio wa chungwa, na watoto 5 tu wanakupa ule uhakika wa asilimia 95. Inafaa pale dume ni mmoja na anazeeka. Ubaya wake ni damu kukaribiana mno, kwa hiyo ifanye mara moja, kisha upanue ukoo kwa majike kutoka kundi lingine la kijivu.

Anayetaka kuunganisha jeni fiche mbili, tuseme chungwa na madoadoa, ajiandae. Wenye zote mbili ni mmoja kati ya 16, na uhakika wa asilimia 95 unadai watoto 47. Wanyama wanaoonekana kukataa kutoa mchanganyiko mara nyingi hawajakataa. Mfugaji alihesabu watoto ishirini akaacha.

Kwa upande wa muda, Porcellionides pruinosus na Porcellio laevis hukomaa ndani ya miezi michache, kwa hiyo wajukuu huonekana kabla mwaka haujaisha. Kwa Armadillidium vulgare weka miaka miwili.

Ikiwa watoto wa kwanza wa mtamba wa kijivu wametoka nusu wa chungwa, nusu wa kijivu, basi una moja ya mambo mawili: ama jeni tawala, yaani inayoonekana hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu, au mama alikuwa mbebaji. Pandisha mmoja wa watoto hao wa chungwa na wa kijivu wa ukoo usiohusiana kabisa. Nusu wakitoka tena wa chungwa, ni jeni tawala. Wote wakitoka wa kijivu, ni fiche.

Chungwa na chungwa wanapozaa kijivu

Jambo hili huzua ugomvi kati ya wauzaji na wanunuzi bila sababu. Unachukua wa chungwa wa ukoo mmoja na wa chungwa wa ukoo mwingine, spishi ile ile, na watoto wote wanatoka wa kijivu. Hakuna aliyedanganya. Kuna njia zaidi ya moja ya kuharibu mlolongo wa kutengeneza rangi ya giza, na kila ukoo umeharibika mahali pake. Mtoto amepata jeni nzima ya kwanza kwa mama na jeni nzima ya pili kwa baba, kwa hiyo giza limerudi. Jaribio hili ni zuri kulifanya kwa makusudi kila unapopata ukoo mpya, kwa jozi mbili tu, kando. Watoto wakitoka wa chungwa, jeni ni moja na unaweza kuunganisha koo hizo ili kuongeza damu. Wakitoka wa kijivu, koo hizo zisikutane tena, na watoto hao wasiuzwe kama "kijivu safi".

Madoadoa yana tabia nyingine. Kuwapo kwake kunaweza kutegemea jeni moja, lakini wingi wake hutegemea nyingi ndogondogo, na hapo hesabu za robo hazisaidii. Kinachosaidia ni kuchagua: kila kizazi bakiza mmoja kati ya kumi, wale waliofikia unachotaka, kwa vizazi vinne au vitano. Ukilegeza uchaguzi, ukoo hurudi nyuma.

Ukoo unaoishiwa madume

Armadillidium vulgare ana mkosi wake. Bakteria wa jamii ya Wolbachia huishi ndani ya seli zake, hupitishwa na mama kupitia mayai, na huwageuza watoto waliopaswa kuwa madume wakawa majike wanaozaa kama kawaida. Mfugaji huona uzao baada ya uzao wenye majike watupu na dume mmoja wa kutafuta kwa tochi. Ukoo mdogo wa rangi adimu ukiwa na bakteria huyo unaweza kukwama kwa kukosa madume, huku chombo kimejaa wanyama wenye afya.

Kuleta madume kutoka nje kunaendeleza uzazi lakini hakuondoi tatizo, kwa sababu binti wanaendelea kumrithi bakteria kwa mama. Dawa iko kwa yule dume mmoja. Dume hapitishi Wolbachia kwa watoto. Mpandishe na mitamba wa ukoo ambao umeshauona ukizaa madume na majike kwa uwiano wa kawaida, na watoto wake watakuwa wabebaji wa rangi wasio na bakteria. Wapandishe hao wao kwa wao na uanze upya kutoka hapo. Umepoteza vizazi viwili, umepata ukoo unaosimama wenyewe.

Vyombo

Chombo cha jozi au cha dume na mitamba wake kiwe cha lita moja, na cha ukoo uliokwisha kutulia lita tano au sita. Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu nne za mboji ya majani isiyo na mbolea ya dukani, sehemu mbili za mbao nyeupe iliyooza na kusagika kwa vidole, na konzi ya unga wa chokaa au maganda ya mayai. Kina kiwe sentimita 5 kwa chombo kidogo, 8 kwa kikubwa, na juu yake majani makavu ya sentimita 3. Lowesha upande mmoja, theluthi ya eneo, uweke hapo kuvumwani na gome. Upande wa pili ubaki mkavu. Mara moja kwa wiki weka chembe chache za chakula cha samaki au dagaa mkavu. Wakikosa protini huwatafuna wenzao waliojivua gamba, na wa rangi adimu hana kinga ya pekee.

Kwa kazi ya rangi kuna sharti moja ambalo mfugaji wa kawaida anaweza kulipuuza: majani na mbao vichemshwe. Mtoto wa isopodi ana milimita 2 hivi, mweupe, na jani moja lililokunjika linaweza kumficha. Kwa sababu hiyo hiyo, jani, gome wala udongo havitoki chombo kimoja kwenda kingine, hata kwa muda mfupi. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wenye nafasi ndogo kuliko nusu milimita. Kila chombo kiwe na lebo yenye ukoo, kizazi, wazazi na tarehe dume alipoingia na alipotoka, iandikwe kwenye chombo chenyewe, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kolembola, vile vidudu vyeupe vinavyorukaruka na kula ukungu, wanaweza kuwekwa bila wasiwasi.

Watakaobaki wa kijivu hawaachiwi nje. Wawekwe kwenye chombo cha mchanganyiko kilichoandikwa hivyo, au wawe chakula cha mijusi na vyura wanaofugwa. Anayewachukua aambiwe kwamba huenda wanabeba jeni, na ni jeni ipi.

Ukoo wa jeni fiche huwa safi mara tu ukiwa na wazazi wa chungwa wawili wa jeni ile ile, na kijivu akitokea baadaye ni mgeni aliyeingia, si ajali ya urithi. Ukoo wa jeni tawala hauna wepesi huo, kwa kuwa dume mwenye nakala moja ya jeni, kutoka kwa mzazi mmoja, na mwenye nakala mbili wanafanana. Mpe kila dume unayemtegemea mtamba wa kijivu. Watoto saba wa mwanzo wakiwa wote wa rangi, uwezekano kwamba ana nakala moja tu hauzidi asilimia moja. Akizaliwa wa kijivu hata mmoja, dume huyo anarudi kwenye chombo cha mchanganyiko, ilimradi una hakika kwamba yule jike alikuwa mtamba kweli.